Barua ya wazi: "Angekuwa tapeli angejuaje jina la babu yangu?"

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano;
Kwa wakuu wa taasisi zinazosimamia laini za simu, vitambulisho vya taifa, taarifa binafsi na mikopo;
Kwa wakurugenzi wa kampuni za simu.

YAH: WIZI WA TAARIFA ZETU NA LAINI ZINAZOSAJILIWA KWA MAJINA YETU BILA SISI KUJUA

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu, Mbagala, jijini Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa tisa nakaa kwenye kibanda kilekile, simu nne mezani, daftari moja, na mwamvuli ambao nimeshaubadilisha mara tatu. Siandiki kwa kukurupuka. Nimeshaandika barua mbili kwa utaratibu unaotakiwa, nakala ninazo na zina muhuri wa kupokelewa. Nimepiga huduma kwa wateja mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Nimefunga kibanda siku tano nzima kwenda kupanga foleni madirishani. Kampuni na ofisi nilizokwenda sitazitaja, kwa sababu sitaki barua hii igeuke ugomvi na dada wa mapokezi ambaye naye ametumwa. Nilikutana na jibu lilelile kila mahali, ndiyo maana nalileta jambo hili hadharani, kwenu ninyi wenye uwezo wa kulibadilisha.

Kilichonisukuma kilitokea mbele ya macho yangu. Nina mteja, mama mtu mzima, anauza vitumbua na chai karibu na kituo cha daladala. Simu yake ni kitochi, imefungwa rababendi ili betri isidondoke. Asubuhi moja alikuja anahema, salamu yangu hakuiitikia, akanisogezea simu: "Mwanangu, hebu niangalizie salio." Namba ya siri aliingiza mwenyewe, mkono wa kushoto umefunika vitufe kama kawaida yake. Zilikuwamo shilingi 1,340. Usiku uliotangulia zilikuwamo zaidi ya laki nne na nusu, na nyingi hazikuwa zake. Yeye ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama kumi na wawili, na wiki ile ndiyo walikuwa wagawane.

Alipigiwa simu na mwanamume mwenye adabu. Alimwamkia. Akamtaja majina yake matatu, kwa mpangilio uleule ulio kwenye kitambulisho, la mwisho likiwa la babu yake mzaa baba. Akamtajia siku, mwezi na mwaka aliozaliwa. Akamtajia kiasi alichotuma mara ya mwisho. Ndipo akamwambia usajili wa laini yake una tatizo, saa sita mchana itafungwa na pesa zitabaki humo humo, ila akibonyeza namba atakazomsomea mambo yatakaa sawa. Mama akabonyeza.

Nilimwuliza, kwa ukali ambao mpaka leo naujutia, kwa nini alimwamini mtu asiyemjua. Akaniangalia, akasema: "Yeye ananijua. Angekuwa tapeli angejuaje jina la babu yangu?"

Miezi saba sasa nalala na kuamka na swali hilo.

Mama huyu si mzembe. Noti ya elfu kumi lazima aielekeze juani kabla ya kutoa chenji. Hela ya mauzo huifunga kwenye pindo la khanga. Kwangu hatoi pesa baada ya Magharibi, hata akibanwa vipi. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" huzifuta, na akina mama wenzake amewafundisha kuzifuta. Siku ile alipima hatari kwa kipimo ambacho sote tumelelewa nacho: anayeujua ukoo wangu ama ni ndugu, ama ni ofisi. Kipimo hicho kilimtosha miaka yake yote. Kimeharibika kwa sababu ukoo wake umefika mikononi mwa watu ambao hakuwapa.

Tulikwenda kituo cha polisi, tukapewa RB, namba ya taarifa yetu. Tukaambiwa pesa ilitolewa dakika kumi na moja baada ya kutumwa, na laini iliyoipokea imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa kijijini, mkoa mwingine kabisa. Bibi alipotafutwa hakuijua laini wala hajawahi kutumia mtandao huo. Jioni ile nilirudi kibandani, nikapiga *106# kwa simu yangu mwenyewe kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nilitegemea kuona laini zangu mbili. Zilikuwa tatu. Ya tatu siijui mpaka leo.

Naomba sasa nieleze yanayotuumiza, moja baada ya jingine.

1. "Kidole hakijasoma, weka tena."

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 1 Mei 2019. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na walio wengi wanazikumbuka foleni za kutafuta namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, siku zile. Tulivumilia kwa sababu tuliahidiwa kwamba kila laini ikiwa na kidole cha mwenyewe, tapeli hatakuwa na pa kujificha.

Nieleze inavyofanyika, maana nayaona haya nikiwa nimekaa. Kijana wa usajili analipwa kwa idadi ya laini anazosajili. Ana mwamvuli, simu na kifaa cha kusomea vidole. Anakuja bibi kurudisha laini iliyopotea. Anaweka kidole gumba, usajili unakubali, lakini kioo kinamwelekea kijana. "Hakijasoma, bibi. Futa jasho, weka tena." Bibi anajifuta kwa khanga, anaweka tena, na safari hii inasajiliwa laini nyingine kwa jina lake ambayo hataiona. Itauzwa kabla jua halijazama. Bibi anashukuru, anamwombea kijana baraka, anaondoka. Sisemi vijana wote wako hivyo. Wawili ninaopakana nao ni waaminifu na wanaumia wakiitwa wezi. Nasema malipo yao na kifaa chao vimepangwa kwa namna inayomfanya mwizi aishi raha.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Laini zinazotumika nchini zimepita milioni 80. Nyingi ni za halali, wengi wetu tunatembea na mbili au tatu. Lakini ndani ya rundo hilo zimo laini za bibi yule, na yangu ya tatu. Kidole kilichowekwa ili kimfichue tapeli sasa kinamkinga yeye na kumtanguliza asiyehusika. Siku nitakayoitwa kwamba laini yangu imemliza mtu Tunduma, nitajitetea kwa lipi? Kidole ni changu kweli.

2. Namba ya kitambulisho imefanywa ufunguo, halafu ufunguo umezagaa.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Aliyeipata hana haja ya kukuuliza umri. Nikipiga huduma kwa wateja, ili waamini kwamba mimi ndiye, nataja majina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba hiyo. Sasa ingieni jengo lolote la ofisi hapa mjini. Getini kuna daftari lenye safu za kalamu: jina, simu, namba ya kitambulisho, unakwenda kwa nani, saa, sahihi. Ninapoandika zangu nasoma za watu kumi na tano walionitangulia. Nilimwuliza mlinzi mmoja daftari likijaa linapelekwa wapi. Akasema hajui, "kuna siku wanakuja kuchukua."

Baadhi ya karatasi najua zinakoishia. Mwezi wa tatu nilinunua karanga za shilingi mia mbili kwa kijana anayepita na beseni. Karatasi aliyozifungia nilitaka kuitupa, nikaona alama ya kidole gumba kwa wino wa bluu. Nikaikunjua. Ilikuwa nusu ya fomu ya mkopo ya mtu: majina matatu, tarakimu zote 20, namba ya simu, mtaa anaokaa, jina la mke, jina na namba ya mdhamini. Chumvi ya karanga ilikuwa imeganda juu ya sahihi yake. Nilimwuliza kijana amezitoa wapi. Anazinunua kwa kilo sokoni, kama wauza maandazi wote.

Fikirini mtu huyo alivyokuwa siku anaijaza fomu ile. Alivaa vizuri, aliambiwa alete kopi tatu na picha mbili, akatii. Yuko mahali fulani anaamini karatasi zake zimefungiwa kabatini.

Steshenari nako kuna yake. Mtu anatuma kitambulisho chake kwa WhatsApp ili kichapishwe, analipa, anachukua karatasi, anaondoka. Faili linabaki kwenye kompyuta, pamoja na vyeti vya watoto na mikataba ya pango ya mtaa mzima. Nimeziona kwa macho yangu kwenye kioo nikisubiri zamu, zimepangwa kama picha za harusi.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimewasikia wakubwa wakisema Mtanzania hajali taarifa zake. Mama amefika mapokezi ya hospitali, mtoto wa miaka miwili yuko mgongoni anachemka. Anaulizwa namba ya kitambulisho na namba ya simu, kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Aulize ni za nini? Akikataa, hasara yake ni sasa hivi: mtoto hatafunguliwa faili. Akikubali, hasara kama ipo itamfuata baada ya miezi sita, kutoka asikokujua, na hataweza kuihusisha na dirisha lile. Hakuna mzazi anayepima vibaya hapo. Anapima sawasawa kabisa, na bado anaibiwa, kwa sababu anayeweza kuipunguza hatari ile ni aliye upande wa pili wa dirisha, mwenye faili na kabati. Huyo ndiye asiyepoteza chochote mambo yakiharibika.

Ni vivyo hivyo shuleni, kwa mwenye nyumba, kwa mwenyekiti wa mtaa tunapoomba barua ya utambulisho, na kwa mkopeshaji wa bodaboda. Kila mmoja anataka kopi, wala haulizwi ataitunzaje.

3. Daftari langu mwenyewe.

Nisiwanyoshee wengine kidole nikajiacha. Mezani kwangu kuna daftari la miamala: jina la mteja, namba, aina ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Kwa miaka mingi lilikaa wazi. Anayetoa elfu tano alisoma nani katoa laki tatu kabla yake.

Mwaka jana alikuja kijana nadhifu, hakuwa na muamala wa kufanya. Alitaka kupiga picha kurasa za daftari kwa simu yake, elfu kumi kwa ukurasa. Alisema ni "utafiti wa soko". Kamisheni yangu kwa siku mbaya haifiki elfu kumi. Nilimfukuza, na jirani zangu wanajua nilivyomfukuza, lakini sina uhakika kama kila kibanda alichopita alifukuzwa. Yule aliyempigia mama wa vitumbua alijua kiasi cha muamala wake wa mwisho. Hilo haliandikwi kwenye kitambulisho. Limeandikwa kwenye daftari la wakala, au kwenye kompyuta ya aliye juu ya wakala.

Siku hizi nalifunika kwa boksi lililokatwa tundu la mstari mmoja. Nimelitengeneza mwenyewe kwa kisu na gundi. Hakuna aliyenifundisha, na katika semina zote tulizoitwa, za floti, za kuongeza wateja, za bidhaa mpya, sijawahi kusikia hata nusu saa ya namna ya kutunza jina la mtu.

4. Mikopo ya kwenye simu.

Hili wengi mnalijua, nitalipitia haraka. Mtu anakopa elfu hamsini kwenye programu, na ili aikope programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu. Akichelewa siku mbili, meseji zinakwenda kwa bosi wake, kwa mkwe wake, kwa imamu wa msikiti au mchungaji, kwamba fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Mimi nimepokea nne za watu tofauti, na mmoja wao nilikuwa nimemfanyia muamala mara moja tu maishani. Hao wote ambao majina yao yalichukuliwa hawakukopa wala hawakukubali lolote. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni na kutaka zizuiwe. Tulishukuru. Lakini orodha za majina zilizokwisha kuchukuliwa ziko wapi leo? Programu ikifungwa, majina yetu hayarudi.

5. Malalamiko hayana mlango.

Kuhusu laini yangu ya tatu, dirisha la kwanza lilisema niende na RB. Kituoni wakasema hakuna kosa bado kwa kuwa sijaibiwa kitu, nirudi kwa kampuni. Kampuni wakasema suala ni la usajili, niandike barua. Niliandika. Baada ya wiki sita nilipigiwa na mtu aliyenitaka, ili anisaidie, nimtajie majina matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA. Nilikata simu. Mpaka sasa sijui kama alikuwa mtumishi kweli au ni walewale, na kutokujua huko ndiyo hali mliyotuachia.

Waheshimiwa, yako majibu ambayo nimeshapewa, na huenda yakaandikwa tena kunijibu. Naomba niyatangulie.

Mtasema elimu inatolewa. Ni kweli. Namba 15040 ya kuripoti meseji za utapeli naijua, nimeibandika kibandani. Kampeni ya Sitapeliki naijua, na imewasaidia wateja wangu kadhaa. Lakini elimu hiyo yote inaanza pale simu inapoita. Inamfundisha mama kumkataa mtu aliyekwisha kumjua mpaka babu yake. Mashirika yaliyomfanya ajulikane hayaambiwi kitu kwenye tangazo lile.

Mtasema alibonyeza mwenyewe. Alibonyeza. Mtu akiiba funguo zangu, akaingia, akanidanganya kwamba nyumba inaungua nikatoka na televisheni nikamkabidhi, mtaanza kuniuliza kwa nini niliikabidhi au mtamwuliza aliyeacha funguo zangu barabarani?

Mtasema matapeli wako mikoa fulani na polisi wanawafuatilia. Taarifa za robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikizitaja Rukwa na Morogoro. Wakamatwe. Ila aliyeko Ifakara hakuichukua fomu ya mkopo iliyofungiwa karanga Mbagala. Kuna aliyeiuza, na kabla yake kuna aliyeitupa.

Mtasema alikuwa kijana mmoja wa usajili asiye mwaminifu na ameshaachishwa. Laini alizozisajili hazikuachishwa naye.

Na mtasema sheria ipo. Hapo nakubaliana nanyi kwa moyo wote, na ndipo ninapoumia zaidi. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Nimeisoma kwa Kiswahili, taratibu, usiku baada ya kufunga hesabu. Inasema taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi mahitaji, zitunzwe salama. Inaonekana imeandikwa na watu waliotufikiria. Haijafika getini kwa mlinzi. Haijafika kwa anayeuza karatasi chakavu kwa kilo.

Kwa jirani zetu Kenya, sheria ya 2019 inamtaka aliyevujisha taarifa za watu amjulishe Kamishna wa ulinzi wa taarifa ndani ya saa 72, na wenye taarifa nao wajulishwe. Septemba 2023 Kamishna huyo alitangaza faini hadharani: shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kampuni ya mikopo ya simu, 1,850,000 kwa ukumbi wa starehe uliobandika picha ya mteja mtandaoni, na 4,550,000 kwa shule iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sisemi kwao wizi umekwisha. Nasema mwenye shule akisikia kiasi kile, kesho yake anakwenda kuangalia kabati lake limefungwa au la.

Tunachoomba ni haya, na mengi hayahitaji sheria mpya.

Laini yoyote inaposajiliwa kwa kitambulisho changu, ujumbe uje papo hapo kwenye namba zangu zote za zamani, na laini mpya isifanye muamala mpaka saa 24 zipite bila mimi kulalamika. Tukiweka kidole, kioo kituelekee sisi, na tupewe karatasi au meseji inayosema kidole hiki kimesajili laini hii, moja. Kijana wa usajili alipwe kwa namna isiyomtuma kuiba. Ninayeikana laini iliyo kwa jina langu, ifungwe siku hiyohiyo, kisha uchunguzi ufuate, badala ya mimi kuzungushwa miezi saba nikithibitisha kwamba kitu nisichokijua sikijui.

Namba ya kitambulisho iondolewe kwenye madaftari ya getini. Jina na saa vinatosha. Anayedai kopi ya kitambulisho aandike juu yake ni ya nini na ya tarehe gani, na ikishamaliza kazi ichanwe au ichomwe mbele ya mtu anayewajibika. Hospitali, shule na wakopeshaji wakaguliwe hilo kama wanavyokaguliwa vyoo na mizani. Sisi mawakala tufundishwe, tupewe daftari lenye kifuniko au mfumo usioonyesha jina la mteja aliyepita, na wakala anayeuza kurasa afungiwe na itangazwe.

Palipovuja, tuambiwe. Tujulishwe sisi wenye majina, kwa Kiswahili kinachoeleweka, nini kimetoka na tufanye nini. Mama wa vitumbua angejua kwamba tarehe yake ya kuzaliwa iko mikononi mwa watu, lile swali lake lingekuwa na jibu kabla ya kubonyeza.

Pesa ikiripotiwa kuibwa, izuiwe kwanza kwenye laini iliyoipokea na zote zinazofuata. Dakika kumi na moja ni chache, na mama alifika kwangu baada ya dakika thelathini, lakini hata hapo simu ya kuripoti tulisubirishwa dakika arobaini na tatu. Niliziangalia kwenye kioo.

Na pawe na mlango mmoja wa malalamiko. Namba moja ya kumbukumbu, inayotambulika kituoni, kwa kampuni na kwa Tume, yenye siku ya mwisho ya kujibiwa. Nisiambiwe tena nirudi nilikotoka.

Akina mama wa kikoba walikubaliana kumsamehe mweka hazina wao nusu. Nusu nyingine analipa, elfu tano kila Ijumaa, kwa vitumbua vya shilingi mia mbili. Nazipokea mimi kibandani na kuziandika. Amebakiza wiki 23. Kila anapoweka namba ya siri bado anafunika vitufe kwa mkono wa kushoto.

Ile nusu ya fomu nimeiweka kwenye bahasha, nimeifunga kwa gundi, na siwezi kuichana kwa kuwa ni ushahidi, wala kuitangaza kwa kuwa ni ya mtu. Laini yangu ya tatu bado iko hewani. Jana nimepiga *106#, ipo. Naomba nielekezwe ofisi, jina la mhusika na siku, nije na vyote viwili. Kibanda nitafunga siku hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa huduma za fedha kwa simu,
Mbagala, Dar es Salaam